Herufi Nne za Heshima

Mimi nina darasa la nne. Nalisema mapema ili yule asiyependa kufundishwa na mtu wa darasa la nne aishie hapa, aende kwa wenye vyeti. Wapo wengi. Baadhi yao niliwakuta hawajui hata upande wa kuingizia sidii, nikawaonyesha, wakaniambia "asante mzee," halafu kwenye ripoti wakaandika kwamba wamefanya wao.

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa mashine za maofisi, Masasi mpaka Newala, kupanda na kushuka. Nilianza na taipureta, nikaishia na kompyuta. Sasa nyinyi vijana wenye vibanda pale stendi mnaniuliza: "Mzee, ofisi fulani programu imezeeka, wafanyakazi hawana haki ya kuweka mpya, msimamizi yuko Dar. Tufanyeje?" Mnauliza huku mnacheka. Mimi jambo hilo halinichekeshi. Nitawaeleza, ila msitegemee nianze moja niende mbili. Nami sikulijua kwa mpango huo.

Aliyenifundisha ufundi ni Mzee Mponda, Mmakua wa Masasi, mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Wiki ya kwanza alinipa taipureta ya shule niisafishe. Nikaona vidole vyake vya chuma vikavu, nikavionea huruma, nikavimwagia mafuta ya kupikia. Ilifanya kazi vizuri siku mbili. Siku ya tatu vumbi la Masasi likaja likakaa juu ya yale mafuta, ukigonga A inapanda na S na D, zinashikana kama walevi wa uraka wanaosindikizana nyumbani. Mwalimu mkuu akairudisha ameibeba mwenyewe kichwani. Mzee Mponda hakunipiga. Alinipa mswaki na kikombe cha mafuta ya taa, akasema, "Kila kidole. Ukimaliza, rudia."

Somo lake kubwa hata hivyo halikuwa la mafuta. Siku moja tulikwenda Chiwata kwa miguu na begi la vifaa, tumeitwa ofisi moja ya ushirika. Tulipofika mlango umefungwa. Mwenye ufunguo kaenda msibani, ng'ambo kule, kurudi haijulikani. Nikaanza kulalamika. Mzee Mponda akakaa kwenye kizingiti, akatoa ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, akala taratibu.

"Leo umejifunza nusu ya ufundi," akasema.

"Nusu ipi, mzee? Hatujagusa kitu."

"Kumjua mwenye ufunguo. Nusu iliyobaki ni bisibisi."

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye njaa. Yalikuja kunirudia baadaye sana, nimelala kitandani mguu ukining'inia.

Kwanza mjue jinsi zama zilivyogeuka. Ushirika ulipolala, serikali ikasema kila mwenye nguvu na anunue, na auze. Zikaja kampuni. Gari zenye vioo vyeusi zikapanda Newala. Taipureta zikatupwa stoo, nyingine nikapewa bure, nikazihifadhi, nikijua zitarudi. Hazikurudi. Sisemi kwamba zamani ilikuwa peponi. Karani wa ushirika alikuwa mwizi, tulimjua, na mtoto wake tulimjua. Lakini ukimkosa ofisini ulimfuata kwake, ukamkuta anakula, akanawa mkono akakuandikia karatasi. Hawa waliokuja ukiwakosa ofisini, umewakosa.

Kompyuta ya kwanza kuifungua ilikuwa ya ofisi moja hapo Masasi. Waliniita wakidhani ni taipureta yenye televisheni. Nilikuta nyumba ya mijusi ndani. Nikaipuliza, nikaisafisha kwa brashi, ikawaka, wakanishangilia kama mganga. Tangu siku hiyo nikawa fundi kompyuta. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi, nami sikujitangaza.

Kusoma nilisoma kwa kuangalia. Aliyenionyesha mengi ni dada mmoja fundi kutoka Dar, Neema. Alikuja Newala kufunga kompyuta ya kampuni ya pembejeo, nami nikawekwa nimsaidie. Yule hakuwa na dharau. Aliniambia kompyuta ya ofisi ina milango miwili. Mmoja ni wa mtumiaji: anaingia, anaandika, anachapa, anatoka. Wa pili ni wa msimamizi: huyo ndiye anayeweza kuweka programu mpya, kuondoa ya zamani, kubadili kufuli. Mtumiaji akijaribu kuweka programu, mashine humwambia kwa Kizungu kwamba hana haki.

Msidhani napinga kufuli hilo. Kuna ofisi niliyoihudumia ambako kila mtu alipewa haki zote, mpaka mpika chai. Mmoja akaleta mchezo wa karata kwenye diski kutoka kwa shemeji yake. Ule mchezo ulikuja na kirusi, kirusi kikala barua za miaka miwili. Nilipowauliza nani kaweka karata, wote wakatazama dari. Basi mtumiaji asiwe na haki zote, ni sawa. Ninachokataa ni kufuli la ufunguo mmoja, nao ufunguo uko mfukoni mwa mtu anayepanda ndege.

Neema alielewa hilo. Kabla ya kuondoka alinitengenezea mlango wangu wa msimamizi, wa akiba, jina lake "fundi." Akaniambia nichague neno la siri.

"Chagua neno ambalo hutalisahau," akasema, "na ambalo hutalitaja kamwe, hata ukilewa."

Nilifikiri kidogo tu. Halafu nikamwambia ageuke atazame dirishani, nikaandika jina la mama mkwe wangu.

Nyinyi wa leo mnawaita wakwe zenu kwa majina, mnapiga nao picha mmekumbatiana. Sisi mkwe hatajwi. Mama yake Mama Somoe, mke wangu, akiniona njiani alipinda pembeni, kanga usoni, nami nikapinda upande wangu. Akitaka kuniambia neno alimtuma mwanangu Somoe, ingawa mimi nimekaa hatua tano na nasikia kila kitu. Jina lake la kuzaliwa nilikuwa nalijua, ila halikuwahi kupita kinywani mwangu. Nani angenitoa neno hilo? Hata polisi wasingelipata. Nilijiona mjanja kuliko wote wa Dar. Niliondoka pale natembea kifua mbele.

Baada ya msimu mmoja kampuni ikaleta msimamizi wake, Bwana Erick, kijana wa chuo, kiatu kimechongoka. Alikaa siku mbili. Akabadilisha paswedi, akapunguza haki za kila mtu, akaweka sharti kwamba ukikosea neno la siri mara tatu mlango unajifunga mpaka aje mwenyewe kuufungua. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ndiye fundi wa mashine hii. Akanitazama viatu.

"Kuanzia sasa, mzee, matatizo yote yatapitia kwangu."

"Kwako ni wapi?"

"Makao makuu."

Akaondoka. Mlango wangu wa akiba hakuuona, au aliuona akaudharau. Nami sikumwambia. Hapo ndipo kosa langu la kwanza, nami nalitaja kwa mdomo wangu. Nilinyamaza kwa kiburi, kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba akabaki na ufunguo wa uani. Sikuandika popote, sikumkabidhi yeyote. Nilisema moyoni, siku watakaponihitaji watakuja kunipigia magoti.

Walikuja kweli.

Mjue kwanza ile mashine ilikuwa ya nini. Kampuni ilileta salfa, unga ule wa njano wa kupuliza kwenye mikorosho. Mkulima alikuwa kaandikishwa kwenye programu, na zamu yake ikifika mashine inachapa hati yenye jina lake, anaipeleka ghalani anapewa mifuko. Bila hati ya mashine, hakuna salfa. Na ile programu ilitengenezwa ikome kila msimu mpaka ipewe toleo jipya, lililokuja kwa sidii. Mwenye mikorosho anajua: maua yakitoka na ubwiri unga ukashuka juu yake, yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, halafu yanakuwa meusi, halafu ni basi. Salfa inataka iwahi. Ua halingoji semina.

Mama mkwe wangu alikuwa na shamba lake Mnyambe, la urithi wa mamake. Mwaka ule alikuwa amechimbisha shimo la kisima nyuma ya nyumba, cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Sisi wa huku juu tunajua maji ni nini. Alikuwa amechoka kushuka bondeni na ndoo, kupanda na ndoo, umri unakwenda. Shimo lilikuwa tayari. Saruji ingetoka kwenye korosho za mwaka ule. Alikuwa amesema hivyo kwa kila mtu, na akamtuma Somoe aniambie na mimi.

Wiki ile maua yalipoanza, mimi nikaanguka na pikipiki kwenye mteremko wa kushukia Masasi. Mguu ukavunjika mahali pawili. Nikapelekwa hospitali ya Ndanda, nikalazwa, mguu ukafungwa kamba ukaning'inizwa na uzito, nikaambiwa kulala hivyo wiki sita. Mama Somoe akatandika mkeka chini ya kitanda.

Siku ya tano akaingia Mama Tekla. Huyu alikuwa karani wa ile kompyuta ya Newala, mwanamke wa Chiwata, mtu wa kanisani, kazi yake safi mpaka inaudhi. Alikuwa amekuja kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba. Umefuata nini? Umesikia nimekufa?"

"Ungekufa ningekuja na unga. Nimekuja mikono mitupu, ujue ni mzima."

"Haya, sema."

"Mashine imekataa. Sidii imekuja, nimeiweka, inasema mpaka msimamizi. Bwana Erick nimempigia mpaka kidole kimeota sugu. Mtandao kule kwetu unashika ukisimama nyuma ya ghala, kwenye mpapai, basi siku tatu mimi niko chini ya mpapai. Juzi akapokea. Kasema yuko kwenye semina, nisiguse kitu, atakuja mwenyewe."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

"Hivi karibuni ya Dar au ya Newala?"

"Hakusema."

"Na maua?"

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Mnyambe yameshatoka. Wapo wanaosema ubwiri unga wameuona. Salfa iko ghalani imejaa mpaka mlangoni, Baba Somoe. Ukipita unapiga chafya."

"Kasian awape kwa daftari." Kasian alikuwa meneja wa ghala.

"Kakataa. Kasema bila hati ya mashine ni wizi, na jela ataingia yeye. Jana wazee wamejaa barazani. Akatoka akawaambia, 'Mashine imesema hatuna haki.' Mzee mmoja akamuuliza, 'Nani kaiuliza?'"

Mama Somoe akacheka kule chini. Mimi sikucheka. Nimesema lugha hii maisha yangu yote, lakini siku ile ndipo niliposikia hilo neno lilivyo. Mkorosho wako, ua lako, jasho lako, halafu chombo kinakwambia huna haki, na mtu mzima mwenye suruali anakuja kukutafsiria.

"Neema aliniambia una mlango wako," Mama Tekla akasema. "Nipe neno, nirudi na basi la mchana."

Nikafungua kinywa. Nikakifunga.

"Siwezi kulitaja."

"Kwani ni tusi?"

"Si tusi. Ni jina."

"La nani?"

Nikatazama ule uzito unaoning'inia. Mama Somoe akanitazama, akaelewa kabla ya mwenzake, akainamisha uso. Hata yeye asingelitaja, ni jina la mamake mzazi. Wodi nzima masikio yamesimama, wagonjwa hawana kazi nyingine.

Mtasema ningelitaja herufi moja moja. Nililifikiria. Kutaja jina la mkwe herufi moja moja ni kulitaja polepole.

"Nipe karatasi," nikasema.

Akanipa tiketi yake ya basi, na kalamu. Nikaandika nyuma yake. Nikaikunja mara nne. "Usiifungue mpaka umekaa mbele ya mashine. Ukimaliza, ichome. Andika kama ilivyo, usipunguze, usiongeze."

"Kama ilivyo," akasema. Akaagana nasi akatoka. Nikalala usingizi mzuri siku hiyo, najiona mwanamume aliyeokoa maua ya Mnyambe huku kalala chali.

Sasa sikilizeni. Ile karatasi niliandika maneno mawili. Niliandika jina lenyewe, na mbele yake nikaandika "Bibi." Sikujua kama nimeandika. Naapa. Mkono ulikataa kuliweka jina la mkwe peke yake kwenye karatasi, uchi, kama jina la mbuzi. Ukalivalisha. Adabu ukishaizoea sana huioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Siku ile na Neema niliandika jina tupu kwa sababu mashine ilionyesha nukta tu, nyeusi, moja moja. Sikuliona, basi halikuniaibisha. Kwenye karatasi ningeliona.

Mama Tekla akafanya nilivyomwagiza. Akaandika Bibi, akaacha nafasi, akaandika jina. Mashine ikakataa. Akadhani ni herufi kubwa na ndogo, akaandika yote kwa kubwa. Ikakataa. Akadhani ni nafasi, akayaunganisha. Mlango ukajifunga.

Asingeweza kujua. Neno la siri la watu wengine huwa ni upuuzi wowote, kwa nini lisiwe na Bibi? Na hakuwa mtu wa kupunguza heshima aliyoikuta imeandikwa na mkubwa wake.

Akarudi kwenye mpapai akampigia Bwana Erick, akamweleza kweli tupu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Bwana Erick hakuuliza habari za maua. Aliuliza nani kampa ruhusa ya kujaribu mlango ule. Akamwambia Kasian aifunike mashine kwa kitambaa, mtu asiisogelee. Akaja baada ya wiki tatu. Nimeambiwa na walioona: alikaa, akaingia, akaweka sidii, akachapa hati ya kwanza, na chai aliyoletewa haijapoa. Salfa ikatoka. Watu wa Mnyambe wakaibeba mifuko wakaenda kuipuliza kwenye maua meusi, maana mtu akishapewa dawa huitumia hata kama mgonjwa kazikwa.

Mama Tekla akaandikiwa barua: amejaribu kuvunja usalama wa mfumo. Alisoma barua, akafagia ofisi, akakabidhi funguo, akarudi Chiwata kulima.

Nilipoweza kutembea na mkongojo nilimfuata. Nilikuta anatwanga. Akaacha mchi, akaniletea kigoda, akanisalimu vile vile kama zamani. Tukazungumza mvua, tukazungumza watoto. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningeshukuru. Mwishoni akauliza jambo moja tu.

"Baba Somoe, lile neno, lilikuwa na Bibi au halina?"

"Halina."

Akaguna. Akachukua mchi wake. "Basi ilibaki moja," akasema. "Mara ya nne ningeliweka tupu. Nilishaanza kuwaza hivyo."

Nimewahi kuanguka na pikipiki mteremko mzima. Ile haikuuma hivi.

Sasa mnataka ufundi. Haya, huu hapa, nauandika na hasira yangu humo humo. Ofisi ikikuita, kabla hujaigusa mashine uliza: msimamizi ni nani, yuko wapi, akifiwa nani anafungua? Wakikujibu "yuko makao makuu," sema uandikiwe hivyo kwa barua, yenye sahihi. Neno la siri la akiba liandikwe kwenye karatasi, karatasi iwekwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na sahihi mbili juu yake, ikae kwenye kasha la mkubwa wa pale pale, siyo wa Dar. Na kabla ya kufunga bahasha, mtu mwingine, siyo wewe uliyeandika, asome ile karatasi na afungue mlango nayo mbele yako. Hilo msiliruke. Mimi ningelifanya hilo siku ya kwanza, Bibi angeonekana. Toleo jipya liwekwe msimu umelala, mikorosho haina ua wala tunda, siyo siku wakulima wamejaa barazani. Kama kuna mashine mbili, jaribu kwa moja kwanza. Mtumiaji mpe haki ndogo, ila mpe na mtu wa kumwendea kwa miguu. Na usichague neno la siri la kujivunia. Chagua neno la kipuuzi unaloweza kulitamka mbele ya mkwe, shehe na padri.

Na usimfiche msimamizi mlango wa akiba kwa sababu amekutazama viatu. Wote wawili tulikuwa na ufunguo na wote wawili tuliukalia, yeye kwa cheo, mimi kwa kiburi. Yeye alipandishwa, nasikia.

Mama mkwe hakujua mapema. Alijua korosho hazikuwepo, kama kila mtu. Lakini Mama Somoe ni mwanawe, na mambo kama hayo mwanamke hakai nayo. Siku moja nimekaa kwangu, Somoe akaja ametoka Mnyambe. Akasimama mbele yangu kama anavyosimama akiwa ametumwa, mikono nyuma.

"Bibi anakusalimu."

"Marahaba. Nini tena?"

"Anasema mkorosho hauna mkwe."

"Na nini?"

"Basi. Kasema hivyo hivyo nikwambie, nisiongeze."

Lile shimo likakaa wazi. Mwaka uliofuata bei ilikuwa mbaya, ule mwingine akauguza. Kuku walitumbukia humo, watoto wakatupa makopo. Yeye aliendelea kushuka na ndoo. Nilikuwa nikimwona mbali anapandisha kilima, mimi kwenye pikipiki yangu. Akinisikia anapinda pembeni na maji kichwani, kanga usoni, mpaka nipite. Ningesimama kumpokea ndoo lingekuwa kosa. Nikapita. Miaka.

Kisima nilikijenga mimi nilipostaafu, kwa saruji yangu. Aliyanywa maji yake masika mawili tu, halafu tukamzika.

Siku tunakimaliza, fundi mwashi alisawazisha mfuniko, saruji bado mbichi, akachukua msumari. Huku kwetu kisima huandikwa jina la mwenyewe.

"Niandike nani, mzee?"

Nikamnyang'anya msumari. Nikainama na mguu wangu huu mbovu. Mwenyewe alikuwa kasimama nyuma ya mlango wa jikoni, nauona upindo wa kanga. Nilidhani siku ile nitaweza. Nikaandika herufi nne, nikasimama.

Mwashi akainama akasoma. "Bibi. Bibi nani?"

"Wewe endelea na kazi," nikamwambia.

Mkipita Mnyambe mtakiona. Kimeandikwa hivyo mpaka leo.